Wembe na Samaki: Mtoto, Mkubwa na Elimu ya Nyumbani Kitangari

Elimu ya nyumbani, kwa maana itakayotumika katika sura hii, ni mafunzo yote ambayo mtoto huyapata mikononi mwa watu wa nyumba yake, yaani wazazi, bibi na babu, mjomba, shangazi na ndugu waliomtangulia kuzaliwa, ama mafunzo hayo yawe yamechukua nafasi ya shule ama yawe yanaendelea sambamba nayo. Maana hii ni pana kuliko ile iliyozoeleka Marekani, ambako tangu mwaka 1993 majimbo yote yamemruhusu mzazi kumfundisha mtoto wake mwenyewe badala ya kumpeleka shule, na ambako mwandishi John Holt, aliyewahi kuwa mwalimu, alianza katika miaka ya 1970 kuwashawishi wazazi wawaache watoto wafuate udadisi wao bila ratiba wala mtaala. Tanzania haikuchukua njia hiyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajafikisha miaka 13 aandikishwe shule ya msingi, na inamwekea mzazi wajibu wa kuona kwamba mtoto anahudhuria mpaka amalize. Kwa hiyo mtu anayetafuta elimu ya nyumbani Kitangari asitarajie kukuta familia iliyojitenga na shule. Ataikuta nyumba inayofundisha kabla ya kengele ya asubuhi na baada ya kengele ya jioni, siku za Jumamosi, na katika miezi ya korosho, ambapo nyumba hufundisha mambo mengi kuliko darasa.

Dhana mbili zinahitaji kuelezwa mapema. Ujifunzaji unaoongozwa na mtoto ni utaratibu ambao mtoto ndiye anayeamua ajifunze nini, kwa mwendo gani na kwa njia ipi, huku mkubwa akiandaa mazingira na kungoja kuulizwa. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, ndiye aliyeufanya ujulikane duniani. Mwongozo wa mzazi ni kinyume chake kwa mtazamo wa haraka: mkubwa huchagua somo, hupanga wakati, huonya, hurekebisha na hupima. Mswahili amezijua pande hizi mbili kabla ya kufika kwa vitabu vya ualimu, kwa sababu methali zake zinavutana juu ya jambo hili hili. Ipo inayosema mtoto akililia wembe mpe, na ipo inayosema samaki mkunje angali mbichi. Ya kwanza inamwachia mtoto akatwe na ajifunze, ilhali ya pili haimngoji. Hakuna mzee wa Newala au wa Masasi anayeona kwamba moja kati ya methali hizo ni ya uongo. Kila moja ina siku yake, na kazi ya sura hii ni kutazama jinsi watu wa mahali pamoja wanavyoitambua siku hiyo.

Mahali penyewe ni Kitangari, katika Wilaya ya Newala, mkoani Mtwara, kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Ni nchi ya udongo unaokunywa mvua papo hapo, isiyo na mito juu yake, ambako kwa vizazi vingi maji yaliteremkiwa mabondeni na kupandishwa kichwani, na ambako mkorosho ndio unaolipa ada, bati na harusi. Kitangari ina pia chuo cha ualimu cha serikali, na hili linaupa mji huo sura ya pekee: vijana wanaojifunza namna ya kufundisha hupita kila siku mbele ya nyua ambazo kufundisha kunaendelea bila ubao wala cheti.

Katika nyua hizo neno "mzazi" lenyewe linahitaji kupanuliwa. Wamakonde, kama walivyo majirani zao Wamakua na Wayao, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi mjomba, kaka wa mama, alikuwa na kauli juu ya mpwa wake iliyolingana na ya baba na wakati mwingine kuizidi. Uislamu, Ukristo, shule na fedha ya korosho vimeipunguza nguvu ya mjomba, lakini havijaifuta. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kitangari hasimami mbele ya mwongozo wa mtu mmoja au wawili. Anaongozwa na watu kadhaa, ambao hawakubaliani katika kila jambo, na mtoto mwerevu hugundua mapema kwamba lililokataliwa na mama huenda likakubaliwa na bibi. Nafasi hiyo kati ya mkubwa mmoja na mwingine ni sehemu ya uhuru wake, na ni ajabu kwamba vitabu vingi vya malezi, vikiwa vimeandikwa kwa familia ya baba, mama na watoto wawili, havikuwahi kuitaja.

Mfano ulio karibu zaidi ni korosho. Msimu unapoanza, kati ya Septemba na Oktoba, korosho huanguka zikiwa zimeshikana na bibo lake, na mtoto wa miaka minne au mitano huenda shambani na wakubwa, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba anakwenda kusoma. Hula mabibo kwanza. Kisha huokota, kwa kuwa kila mtu anaokota. Hupindua korosho ili aitenge na bibo, huitumbukiza katika kopo alilojichagulia, na kopo likijaa hulimimina katika ndoo ya mama, na furaha ya kumimina hiyo ndiyo inayomrudisha chini ya mti. Hapa mtoto anajiongoza karibu kabisa: mwendo ni wake, kopo ni lake, na akichoka hulala kivulini bila kuulizwa. Mkubwa ameamua jambo moja tu, kwamba leo wote wako shambani.

Nyumbani, korosho zikishaanikwa juu ya mkeka au turubai, linakuja somo la pili, ambalo ni gumu zaidi. Chama cha msingi cha ushirika, ambacho wakulima hukiita AMCOS, hupokea korosho kwa madaraja, na bei ya daraja la pili si bei ya daraja la kwanza. Mzigo uliochanganyika unaweza kurudishwa ghalani kwa aibu. Kuchambua ni kazi ya mkono na jicho. Korosho njema ni nzito kwa umbo lake, ganda lake la kijivu ni gumu na limejaa, na ikitikiswa karibu na sikio haichezi ndani. Iliyonyauka, yenye madoa meusi au iliyo nyepesi kama ganda tupu huwekwa kando. Bibi anayekaa na mjukuu mbele ya lundo hatoi maelezo haya yote. Humpa mtoto konzi moja, humwacha atenge mafungu mawili, kisha hupitisha mkono wake juu ya fungu jema, hutoa korosho tatu bila kusema neno na kuzitupa katika fungu baya. Mtoto huziokota, huzitikisa na kuzipima kiganjani, akitafuta mwenyewe kosa lake. Siku ya tatu au ya nne bibi hutoa moja tu. Siku isiyo na ya kutolewa, mtoto hupewa lundo lake.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kwamba kati ya jambo analoliweza mtoto peke yake na jambo asiloliweza hata akisaidiwa kuna eneo la katikati, yaani yale anayoyaweza akiwa na mtu anayejua zaidi, na kwamba mafunzo yenye faida hufanyika katika eneo hilo. Watafiti waliokuja baadaye, akiwemo Jerome Bruner, waliufananisha msaada huo na jukwaa la fundi mwashi, ambalo husimamishwa ukuta unapopanda na kuondolewa ukuta ukishasimama. Mkono wa bibi juu ya korosho ni jukwaa la namna hiyo: hupungua kadiri mtoto anavyojua, na kipimo cha kupungua kwake hakitoki katika ratiba, hutoka katika fungu lenyewe la korosho, ambalo haliwezi kumpendelea mtu.

Lakini siku ya wembe ina mwisho wake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na wakati wa kukaanga kwa njia ya kienyeji, juu ya kipande cha bati au debe lililotobolewa na kuwekwa kwenye mafiga, mafuta hayo hutoka na kushika moto, moshi mzito ukipanda. Hapo hakuna mjadala. Mtoto husimamishwa mbali, upande usiopelekewa moshi na upepo, na kijiti kirefu cha kukorogea kinabaki mkononi mwa mkubwa mpaka moto umezimwa na korosho zimemwagwa mchangani. Kubangua baadaye, kwa jiwe au gongo dogo, anaruhusiwa, na vidole vyenye madoa meusi ni alama ya msimu. Hali ni hiyo hiyo kwa unga wa salfa unaopuliziwa mikorosho kuanzia katikati ya mwaka ili kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoua maua: kijana mdogo anaweza kubeba maji ya kunywa, lakini hana ruhusa ya kusogelea mashine. Nyumba ambayo haiutambui mpaka huu haifuati njia ya mtoto kujiongoza. Inafanya uzembe, na nyumba inayomfanya mtoto aokote korosho siku ya shule ili mzigo uwahi ghalani inafanya jambo ambalo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalikataza, hata kama wakubwa wataliita mafunzo.

Uchongaji wa vinyago, ambao umelipeleka jina la Wamakonde duniani kuliko jambo lingine lolote, unathibitisha utaratibu huo na kuongeza kitu. Kijana anayeanza hukaa miezi mingi karibu na mchongaji akipiga msasa kazi za wengine, na kwa kupiga msasa vidole vyake hujifunza mikunjo ya umbo kabla ya kuruhusiwa kushika tezo. Akipewa mpingo, hupewa kipande kilichosalia, chenye ufa au fundo, kisichoumiza mtu kikiharibika. Baada ya hapo, namna atakavyolitoa umbo kutoka katika kipande hicho ni shauri lake. Mtindo unaoitwa shetani, wenye viungo vilivyopotoka na macho yasiyo mahali pake, hutajwa kuwa ulianzia kwa Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, na haukuwa nakala ya kazi ya mtu aliyemtangulia. Mtu aliyeanzia kwenye msasa anaweza kufika mahali ambapo hakuna mwalimu wake aliyewahi kufika.

Mtu angeweza kuishia hapo na kutangaza kwamba Kitangari ilikuwa imegundua elimu ya mtoto huru kabla ya Roma. Huo ungekuwa udanganyifu, kwa sababu uwanda huu huu una jando na unyago, yaani mafunzo ya kuwavusha wavulana na wasichana kutoka utotoni, na ndani yake mtoto hana kauli hata kidogo. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika kwa urefu kuhusu mafunzo haya, na aliyoyaona bado yanatambulika kwa mtu wa leo katika mambo makubwa. Wari, kama wanavyoitwa wanaofunzwa, hutengwa na watu wa nyumbani, hula wanachopewa, huamka wanapoamshwa, na hufundishwa kwa nyimbo na mafumbo ambayo maana yake hutolewa na wakubwa kwa wakati wanaoutaka wao. Mwari hachagui somo na hasemi kwamba hajawa tayari. Siku ya kutoka hurudi kijijini kwa shangwe, amevaa nguo mpya, na mara nyingi ana jina jipya, naye mama yake hamwiti tena kwa jina la utotoni.

Maelezo ya upande huu mkali yako katika jambo linalofundishwa. Kuchambua korosho ni ujuzi, na kosa katika ujuzi linarekebishika kesho. Jando linafundisha namna ya kuwa mtu wa ukoo, heshima, siri na wajibu kwa wazee, mambo ambayo jamii haikutaka kila mtoto ayavumbue kwa njia yake. Hata Vincent Lucas, mmisionari Mwanglikana aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakuthubutu kulifuta jando. Yeye na mapadri Waafrika waliofanya naye kazi walilibadilisha kutoka ndani, wakatia sala na mafundisho ya Kikristo, wakaondoa waliyoyaona hayafai, na wakaacha mfumo wa kutengwa na kurudi ubaki kama ulivyokuwa. Uamuzi huo ulibishaniwa sana na wamisionari wenzao, lakini unaonyesha kwamba mgeni yule alikuwa amewaelewa wenyeji: alijua ni wapi mkono wa mkubwa usingeweza kuondolewa bila nyumba nzima kutikisika.

Leo ubishi umehamia kwingine. Viongozi wa serikali katika mikoa ya kusini wamekuwa wakihimiza shughuli za jando na unyago zifanywe wakati wa likizo, ili mtoto asikose masomo, na wanaharakati wamehoji kama msichana wa miaka tisa au kumi afundishwe mambo ya ndoa. Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Haki hiyo inaingia kwa shida katika desturi ambayo msingi wake ni kunyamaza, na pale mafunzo yanapomfikia msichana kabla ya umri wake, desturi ndiyo inayopaswa kusogea. Kusema hivyo si kuidharau. Umri wa kuingia umekuwa ukibadilika kwa miaka mingi kwa sababu ya shule na gharama, kwa hiyo unaweza pia kubadilishwa kwa sababu ya mtoto.

Mahali ambapo mizani imeharibika kweli ni pengine kabisa, kwenye kitabu na daftari. Tarehe 17 Machi 2020 serikali iliagiza shule zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wa msingi hawakurudi darasani mpaka tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu nyumba zote za Tanzania zilikuwa shule kwa amri. Kulikuwa na vipindi vya masomo redioni na katika televisheni, ambavyo vilimfaa mwenye redio na mwenye umeme. Uwandani Makonde miezi hiyo ni ya mwisho wa mvua, ya kuvuna mahindi na mtama, kisha ya kufyeka chini ya mikorosho, na kwa upande wa shamba watoto hawakupoteza siku. Upande wa daftari ulikuwa mwingine. Mzazi yule yule anayeweza kuketi kimya saa nzima akimtazama mtoto akikosea korosho hawezi kuketi kimya dakika tano akimtazama akikosea kusoma. Hufoka, hushika fimbo, au hunyanyuka na kusema hilo ni la mwalimu.

Tofauti hiyo haitokani na tabia ya mzazi, maana mtu ni mmoja. Inatokana na ujuzi wake. Katika korosho mzazi anajua kila kosa linatoka wapi na litakwisha lini, ndiyo maana hana haraka. Katika kusoma hajui kama kosa la leo ni hatua au ni ugonjwa, na asiyejua huogopa, na mwenye kuogopa hushika usukani kwa mikono miwili. Uhuru ambao mkubwa humpa mtoto unakwenda sawasawa na jinsi anavyolimiliki jambo lenyewe. Wanaowahubiria wazazi wa vijijini wapunguze ukali wanaanzia mwisho wa kamba. Mpango wa upimaji wa Uwezo, ulioanza nchini mwaka 2010 kwa kuwafuata watoto majumbani kwao, ulionyesha kwamba wengi wa watoto wa darasa la 3 hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la 2. Jambo lililosemwa kidogo ni kwamba wapimaji hao, kwa kukaa na mtoto uani mbele ya wazazi wake, waliwapa wazazi wengi nafasi adimu ya kuona kusoma kunapimwaje.

Tanzania iliwahi kulishughulikia jambo hili kwa ukubwa wake. Julius Nyerere aliandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba mtoto wa Kiafrika kabla ya shule alijifunza kwa kuishi na kutenda, na miaka michache baadaye serikali yake ikawafuata wazazi wenyewe kwa kisomo cha watu wazima. Vitabu vyake vya kufundishia vilizungumzia mazao, afya na kazi za msomaji, na kwa takwimu rasmi watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walishuka hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Wanakisomo walikaa jioni chini ya miti wakifuatisha herufi, watoto wao wakiwachungulia. Mtoto aliyemwona mama yake akikosea herufi na kuifuta alikuwa amejifunza juu ya kusoma jambo ambalo shule haikuwa na njia ya kumwonyesha. Mpango huo ulidhoofika fedha za umma zilipopungua, na haukupata mrithi wa ukubwa wake.

Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta mkondo wa amali katika sekondari, yaani masomo yanayoambatana na ufundi na kazi, na huenda siku moja mchonga vinyago au mkulima wa Newala akaitwa darasani kama mjuzi. Hilo litachukua muda. Lipo dogo linaloweza kufanywa na mwalimu mkuu yeyote wa tarafa ya Kitangari bila kungoja waraka: vitabu vya hadithi vinavyofungiwa kabatini visichakae viruhusiwe kulala nyumbani kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, bibi avishike, mjomba avisikie vikisomwa kwa sauti, na visikataliwe vikirudi shuleni na alama nyeusi za vidole vya korosho.